Dalali wa Mikindu

Shughuli nzima ilitugharimu miche mia tatu na arubaini, safari kumi na moja za Kizimkazi, cheo kimoja ambacho sikupewa, na mwarobaini mmoja ambao haukuwa hata wetu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata safari kumi, kwa kuwa niliisahau ile ambayo gari ilituharibikia njiani tukarudi bila ya kufika. Lakini safari ni safari, miguu yangu inaikumbuka. Tulichokipata kwa gharama hiyo ni bonde moja la mikindu ambalo lilikuwepo tangu mwanzo.

Vijana mnaoifanya sasa kazi ya kuisemea miti ya asili mmeniomba nikuandikieni sisi tulivyoifanya. Nnakuandikieni, ila msitarajie ushujaa. Ilikuwa kazi ya mdomo, na mdomo wangu mwenyewe ulikaribia kuiharibu.

Kabla ya miti nilikuwa dalali wa samaki kule Malindi ya Unguja, miaka kumi na minane. Dalali ndiye anayesimama juu ya samaki wa mtu mwengine akapiga kelele mpaka wapate bei. Samaki hasubiri, jua likipanda, bei inashuka na harufu inapanda. Kwa hivyo dalali ana njia mbili za kuuza upesi. Ya kwanza ni kulisifu tenga lililo mbele yako. Ya pili ni kulikashifu tenga la jirani: hawa wamelala, hawa macho yamezama, hawa mpelekee mama mkwe. Njia ya pili ni nyepesi zaidi, na watu hucheka. Nilikuwa hodari wa zote mbili.

Mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, asubuhi moja, bibi mmoja aliyevaa miwani alisimama pembeni ya mnada wangu muda mrefu bila ya kununua. Mtu asiyenunua, dalali humwona mara moja. Nilipomaliza akanijia.

"Wewe unauza nini zaidi ya samaki?"

"Chochote nitakachopewa, bibi."

"Nikikupa mti?"

"Wa kukata au uliokwishakatwa?"

"Wa kupanda," akasema. "Njoo Kikwajuni Jumamosi, nyuma ya skuli. Na uje umeoga."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Bibi yule alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na wakati ule alikuwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Miti ya Kwetu. Jina kubwa, watu ishirini na wawili: walimu, muuguzi mmoja, maseremala wawili, na waliobaki ni watu waliopenda kukaa kivulini. Serikali ilitupa kiwanja kidogo cha kitalu, mshahara wa mtu mmoja, yaani mimi, na pikapu yenye vipaza sauti kila Alkhamisi na Jumamosi. Kwa hisani hiyo, mkubwa wetu wa kazi alikuwa afisa aliyeitwa Msimamizi wa Upandaji. Kila tulichotaka kukitangaza kilipita mezani kwake.

Siku yangu ya kwanza Mwenyekiti alinionesha majani matatu juu ya meza.

"Hili?"

"Jani."

"Na hili?"

"Jani jengine."

"La tatu?"

Nikalitazama vizuri, nikaligeuza, nikalirudisha mezani. Akaondoa miwani, akaifuta kwa kanga, akasema, "Utakaa kitaluni wiki mbili kabla ya kugusa kipaza sauti. Samaki ulikuwa unamjua."

Wiki mbili zikawa sita. Nilijifunza kuatika, ambako ni kuzisia mbegu kwenye tuta laini chini ya paa la makuti ili jua lisizichome. Zikiota unazihamishia kwenye vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini, maana mifuko ya plastiki hatukuijua. Kisha kuna kukomaza: unayaondoa makuti kidogo kidogo, kuti moja kila siku chache, mche uzowee jua lote kabla ya kutoka. Mche usiokomazwa ukiupanda leo, wiki ijayo unaokota kijiti. Nilijua mfuru ambao watoto hula matunda yake meusi. Nilijua mtondoo wanaoupenda mafundi wa vyombo vya baharini, mdaa ambao mizizi yake ikichemshwa hutoa rangi nyeusi, na mkindu, ambao kuti lake ndilo mkeka wa kila nyumba ya kisiwa hiki. Mkindu una dume na jike. Jike halizai tunda kama hakuna dume karibu. Hilo nilifundishwa siku ya nne, na nakuombeni mlikumbuke.

Nilipopewa kipaza sauti, Mwenyekiti alinipa na kanuni. Kila tangazo lina mti mmoja wa asili, kazi yake moja, na pahala pamoja pa kuupata mche.

"Dakika tano," akasema. "Na sifa tu, Dalali. Umenisikia? Sifa tu."

Mtaona ni jambo jepesi. Jaribuni. Ukisimama na kipaza sauti mbele ya watu, kila mtu ana lake. Huyu anakuuliza mchele utashuka lini meli, huyu anataka umsemee jirani anayemwaga maji machafu, huyu anataka dawa ya panya. Wanachama wetu wenyewe walikuwa hivyo hivyo. Muuguzi alitaka tuseme habari za mbu, seremala mmoja alitaka tuseme habari za mbuzi wanaozurura, na yule alikuwa na mbuzi maalumu akilini. Yote yalikuwa mambo ya kweli. Mwenyekiti aliwajibu wote kwa upole ule ule: "Liandikie barua ofisi inayohusika. Sisi tuna mfuru." Na mimi nikajifunza kuwajibu watu wa barabarani, "Dawa ya panya siijui, bwana, lakini mche wa mfuru ninao." Watu wakacheka, na baadhi yao wakachukua mche ili nisizidi kuwasumbua.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili nikaharibu.

Ilikuwa Alkhamisi, hapo hapo Kikwajuni. Kiwanjani kulikuwa na mpira, na mbele yangu walisimama watu tisa, mmoja wao akiwa amesimama kwa sababu baiskeli yake ilitoka mnyororo. Nilianza na mtondoo. Yule wa baiskeli akamaliza kufunga mnyororo, akaondoka. Wakabaki wanane. Damu ya mnadani ikanipanda. Pembeni ya barabara kulikuwa na mwarobaini mkubwa, kivuli cha Mzee Saidi muuza kahawa, na mwarobaini, kama mjuavyo, si mti wa asili wa hapa. Nikaunyooshea kidole.

"Na huyu naye nani alimwalika? Kateremka melini, hana barua, hana ndugu, kajipa kiwanja katikati ya mji, na kutwa anakunywa maji ya kisima chenu. Mtondoo wenu umesimama pembeni unaomba nafasi."

Watu wakacheka. Wakaitana. Nikaendelea. Mpaka naufunga mdomo nilihesabu watu sabini, nikarudia, sabini na wanne. Nilirudi kitaluni najipongeza mwenyewe.

Jumamosi tulipopita tena, mwarobaini haukuwepo. Kilibaki kisiki cheupe, na Mzee Saidi amekaa juani kwenye benchi lake, kitambaa kichwani, dele la kahawa mbele yake na wateja hakuna. Babu yake Mzee Saidi alikuja kutoka Hadhramaut, Arabuni. Yeye mwenyewe alizaliwa nyumba tatu kutoka benchi lile. Nikateremka kwenye pikapu.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba." Akanimiminia kikombe kama kawaida. "Kunywa, Dalali. Leo inapoa polepole, jua linaisaidia."

"Nani kaukata?"

"Vijana. Walikuja jana na shoka. Wakaniambia huu mti ni mgeni. Nikawauliza, nani kasema? Wakasema, Dalali kasema, kwenye gari ya serikali." Akapanga vikombe vyake vilivyokuwa vimeshapangwa. "Walipomaliza, mmoja akafuta shoka, akanitazama mimi. Akanitazama tu."

Mliozaliwa nyuma yetu huenda hamjui miaka ile maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni yalikuwa mazito namna gani. Sisi tuliyajua, na mimi niliyajua vizuri kuliko wengi, maana nilikaa Malindi na niliyaona. Nikayatumia kuchekesha watu sabini na wanne. Kahawa ile sikuweza kuimaliza, na Mzee Saidi hakukubali nimlipe, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni adhabu.

Mwenyekiti hakunigombeza. Alisema nichukue makuti na miti ya kujengea, nijenge banda juu ya benchi la Mzee Saidi kwa mikono yangu mwenyewe, mchana, watu wote wanione. Kisha nimuulize anataka mti gani upandwe.

"Wowote," alisema Mzee Saidi, "lakini uwe ule utakaonipa kivuli nami niko hai. Mwaka jana ulisifu mmoja ukasema wajukuu zangu watakushukuru. Mimi sina haja na shukurani za wajukuu."

Tukampandia mfuru. Toka siku ile kila tangazo niliandika kwenye karatasi kwanza, na Mwenyekiti akalipitia kwa penseli. Neno lolote lililogusa mti usiokuwa wa asili, kwa wema au kwa ubaya, alilikata.

"Mwarobaini umefanya nini? Ni dawa, ni kivuli," akaniambia. "Sisi kazi yetu ni kuisemea miti ya asili ili isisahauliwe. Hapo tu. Ukitoka hapo hatua moja, hujui utamkanyaga nani."

Mwezi wa kwanza penseli ilikula nusu ya karatasi. Mwezi wa tatu ilikuwa inakula mstari mmoja mmoja. Niliihesabu mistari, na nikiona imepungua nilifurahi kama mtoto wa skuli.

Sasa nije kwenye bonde.

Mwaka wa nne wa kazi yangu alikuja Msimamizi wa Upandaji mpya. Alikuwa mtu wa haki na mchapakazi, tena hakuwa na majivuno. Tatizo lake lilikuwa haraka. Majumba mapya yanajengwa, watu wanataka fito na boriti, na miti ya kukatwa imekwenda mbali. Akaniita ofisini, akanikalisha kitako, akakunjua ramani.

"Hapa," akasema, akiweka kidole kusini, nje kidogo ya Kizimkazi. "Bonde zima hili, udongo mzuri, na halina kitu ila vichaka vya mikindu. Tunalifyeka, tunapanda mikaratusi. Miaka michache tu, boriti. Wewe utakwenda kuwatangazia watu waje na mapanga, kazi ya kujitolea. Wanakusikiliza."

"Naam, bwana. Lakini Jumuiya yetu husemea miti ya asili tu."

"Jumuiya yenu inatumia gari ya nani?"

Akaikunja ramani bila ya kungojea jibu.

"Nnataka kuanzisha cheo," akaendelea. "Mkuu wa Matangazo ya Upandaji. Kina ofisi na baiskeli mpya. Fikiri. Mvua zikikaribia niletee tangazo lililoandikwa."

Nilifikiri. Sitakudanganyeni, baiskeli niliifikiri mara mbili. Kisha nikenda Kizimkazi kulitazama bonde, safari ya kwanza kati ya zile kumi na moja.

Mwenye bonde, kama mtu anaweza kuitwa hivyo, alikuwa Bi Mize. Ardhi haikuwa yake, ila hakuna aliyekata ukindu pale bila ya yeye kujua. Mwanamke wa makamo, mfupi, mikono yote miwili imebaki nyeusi vidoleni kwa rangi ya mdaa. Nilimkuta ndani ya mikindu na kisu.

"Hodi, Bi Mize. Mimi natoka mjini, Jumuiya ya Miti."

"Wewe ndiye yule dalali?"

"Ndiye mimi."

"Nimesikia habari zako. Ukiusema mti, unakatwa." Akanipa mgongo, akaendelea na kazi. "Basi hapa nakuomba usiseme kitu. Tazama tu."

Nikatazama. Mkindu hukatwa kuti changa la katikati ambalo bado limefumba, kwa kuwa likishafunguka huwa gumu. Alikata moja kwenye shina, akaliruka la pili, akaenda shina jengine.

"Mbona hilo umeliacha?"

"Moja tunakata, moja tunaacha. Ukikata yote mawili shina linakununia mwaka mzima. Bibi yangu alikata hapa hapa. Hili shina yeye kalikata, mama kalikata, na mimi nalikata. Unaona limechoka?"

Halikuwa limechoka. Alinichukua mpaka uwanjani ambako wanawake walikuwa wamekaa wakisuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya ukindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Nikawahesabu: arubaini na mmoja. Nikarudia, arubaini na watatu, wawili walikuwa nyuma ya nyumba wanachemsha mizizi ya mdaa. Nikamweleza mpango wa Msimamizi wazi wazi, maana kumficha isingekuwa haki.

Mikono ya wale wanawake ilisimama yote kwa pamoja. Bi Mize hakupandisha sauti.

"Bonde likenda, sisi tutashona nini? Tutakushoneni nyinyi?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na kuanzia siku ile sikulisahau hata nilipolala: watu arubaini na watatu na kisu kimoja kinachojua kuacha kuti la pili. Mvua zilikuwa miezi miwili mbele.

Katika kikao cha Jumuiya wanachama vijana walipata dawa upesi. Dalali asimame Darajani aiteketeze mikaratusi kwa maneno. Aseme inakausha visima, aseme inaua udongo, watu watakataa wenyewe.

"Tunajua kama inakausha visima?" Mwenyekiti akauliza.

"Watu wanasema."

"Basi watu na waendelee kusema. Sisi hatukuipima." Akanigeukia. "Dalali, ungeweza?"

"Kwa nusu saa tu, Bi Mwenyekiti, ningewafanya waikimbie mikaratusi kama moto."

"Nnajua. Na yupo mtu mjini ana mikaratusi miwili mlangoni kwake. Mzee Saidi wa pili atakuwa yeye." Akavaa miwani. "Andika tangazo la mkindu. Sifa tu. Kisha nenda ukamuuzie Msimamizi."

Nikaandika. Nilikwenda ofisini mara tatu, mara tatu nikaambiwa nisubiri, kisha nikaambiwa Msimamizi yuko kwao Malindi ana homa, na kama ni tangazo la mvua nimpelekee huko huko.

Nyumba yake ilikuwa uchochoro wa pili kutoka mnada wangu wa zamani. Mama yake nilimuuzia samaki miaka mingi bila ya kujua mwanawe nani. Bi Mkubwa alinitambua kabla ya salamu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wewe si yule uliyeniuzia nguru ukaniambia kavuliwa alfajiri?"

"Alivuliwa alfajiri, Bi Mkubwa."

"Ya siku gani?"

Nikakaribishwa ukumbini. Msimamizi alikuwa amelala juu ya mkeka, amejifunika shuka, mama yake kando anampepea. Akanyoosha mkono nimpe karatasi. Akasoma mstari wa kwanza.

"Nilikwambia mikaratusi. Hapa umeandika mti wa wiki hii ni mkindu."

"Naam, bwana."

"Na hapa, kazi yake. Umeandika, 'Hesabu mwenyewe nyumbani kwako.' Hii ni kazi gani?"

"Kwa idhini yako, bwana, nihesabu."

Akaiweka karatasi kifuani, nami nikaichukua ile kuwa ndiyo. Mkeka aliolalia, mmoja. Niliokalia mimi, wa pili. Kipepeo mkononi mwa Bi Mkubwa, cha tatu. Kawa lililofunika uji wake, la nne. Miswala miwili imekunjwa juu ya kasha, sita. Mkoba wa sokoni ukutani, wa saba. Kikapu cha nguo, cha nane. Nikasema nane. Kisha nikarudia, kwa kuwa ndiyo tabia yangu, nikapata tisa: kulikuwa na kawa dogo juu ya gudulia la maji.

"Kumi," akasema Bi Mkubwa.

Tukamgeukia. Akanyanyuka taratibu, akenda chumbani, akarudi na mkeka mpya umefungwa kwa kamba ya ukindu, mweupe na mistari myeusi ya mdaa, umeshonwa kwa karibu hata huoni pahala sindano ilipopita.

"Huu sijautandika bado. Nimeuagiza Kizimkazi mwaka juzi, kwa mwanamke mmoja anaitwa Mize. Siku yangu ikifika nifunikwe nao mpaka kaburini, kama alivyofunikwa mama yangu." Akauweka mapajani. "Kwa nini mnahesabu?"

Mimi nilitazama sakafu. Kuna wakati katika mnada bei imeshatajwa, na dalali akitia neno moja zaidi anaiharibu. Miaka kumi na minane ilinifunza kuutambua.

Msimamizi alifumba macho. Kisha akasema, bado amefumba, "Boriti nnazihitaji, Dalali. Hizo nazo si mchezo. Watu wanasubiri nyumba."

"Najua, bwana. Juu ya bonde kuna uwanda uliokwishamalizwa kwa kuni. Nimeutembea mara mbili. Hauna mkindu hata mmoja."

"Udongo wake duni."

"Duni, bwana. Lakini mkubwa kuliko bonde."

Tukaanza kupatana, yeye amelala, mimi nimekaa, Bi Mkubwa anatupepea sote wawili. Alikubali uwanda. Kwa udongo ule duni alitaka miche ya mikaratusi mara mbili, na pahala pa kuioteshea msimu ule hapakuwepo ila kitalu chetu. Nikamwambia matuta mawili. Akasema yote. Nikasema matatu. Akasema, "Dalali, mimi ni mgonjwa," nikaona aibu, nikasema yote. Ndiyo miche yetu mia tatu na arubaini ya mfuru na mtondoo, ambayo haijakomazwa, ikatoka wiki ile ile kwenda kwa yeyote aliyekubali kuipokea. Iliyosalimika naijua: arubaini na sita. Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa kitalu akiiangalia inatoka, na mimi siku ile nilibeba vifuu bila ya kuhesabu. Hesabu aliifanya mtu mwengine.

"Na tangazo la mikaratusi?" nilimuuliza Msimamizi kabla ya kuondoka.

"Nitalitafutia mdomo mwengine. Nyinyi semeni mikindu yenu." Akafumbua jicho moja. "Cheo kitakwenda na huo mdomo, unajua."

"Najua, bwana."

"Na baiskeli."

"Hiyo najua zaidi."

Nilipeleka habari Kizimkazi kabla ya mvua. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu Bi Mkubwa anaendeleaje na kama ule mkeka bado haujatumika. Kisha akasema, "Haya. Sasa unaweza kusema." Nikawasha kipaza sauti, nikausifu mkindu dakika tano mbele ya watu wanaoujua kuliko mimi. Walicheka sana, na safari hii walinicheka mimi, jambo ambalo halikati mti wa mtu.

Jumuiya iliendelea hivyo hivyo, mti mmoja, kazi moja, pahala pamoja, mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipofika umri wa kupumzishwa. Mikaratusi ya uwandani iliota, tena boriti zake si mbaya. Nimekalia benchi lililotengenezwa kwa moja. Bonde liko. Mzee Saidi aliuwahi mfuru wake, akalalamika matunda yanawaletea watoto kelele. Nikiyajumlisha yote naona nilinunua kwa bei nzuri. Bora zaidi yangekuwa matuta matatu.

Siku niliyokwenda kuaga Kizimkazi, Bi Mize alinikatia chipukizi la mkindu kutoka shina lile la bibi yake, akalifunga kwa gunia lililorowa. Nililipanda uani kwangu hapa Kikwajuni. Limekuwa shina zuri, limetoa maua miaka mitatu mfululizo, na tunda hata moja halijashika. Kila mwaka nayahesabu maua mara mbili. Mwaka wa tatu ndipo nilipokumbuka somo la siku ya nne: chipukizi hufuata shina lake, na shina la bibi yake Bi Mize lilikuwa jike. Niliwaeleza watu wa kisiwa kizima kwa kipaza sauti kwamba jike linataka dume karibu, kisha mwenyewe nikachukua zawadi yangu bila ya kuuliza.

Nimewaahidi wanawake wa Kizimkazi miche ya kuzibia mapengo ya bondeni, nayo, kwa ahadi yangu mwenyewe, lazima itoke kwenye mbegu za shina hili. Kwenda kuomba dume kule kule nitachekwa, na Bi Mize atakuwa wa kwanza. Kwa hivyo nauliza nyinyi wenzangu wa mjini: nani ana mkindu dume uani kwake, au anajua ulipo? Nataka kole moja tu la maua likiwa bado na unga wake, na mtu wa kunionesha namna ya kulitundika juu ya jike langu bila ya kuliharibu. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwenye mfuru wa Mzee Saidi. Bei tutapatana ukifika, na nakutahadharisha mapema kwamba nitaanza chini.